Ni Mimi Niliyeirusha Video ya Mwanaidi

Mwanangu Rajabu,

Umekwenda kumuaga bibi yako, na mama yako yuko uani anakunja nguo zako. Mimi nimeegesha pikipiki kando ya banda la kuku, siti yake ndiyo meza yangu. Nimeomba karatasi kwa jirani kwa sababu zako zote zimeshafungwa kwenye begi.

Mambo ya mswaki, sabuni na kutii wenyeji mama yako ameshakwambia, na kesho atayarudia njia nzima basi likishaondoka hapa Mkata. Sitayagusa hayo. Mimi nina jambo moja tu ambalo wewe ungeweza kulisema siku yoyote, mbele ya mtu yeyote, na hukulisema.

Ile video ya Mwanaidi niliirusha mimi. Hukuirusha wewe. Uliponiona nataka kuituma ulinikataza, nikaituma. Nimeandika hivyo kwa mkono wangu ili kule Mkumbara mtu akikuita jina baya, umpe karatasi hii aisome. Mpe yeyote. Usinifiche tena.

Najua unakumbuka kila kitu, lakini niache nikieleze tangu mwanzo, maana kuna mambo uliyoyaona wewe nisiyoyaona mimi, na kuna mengine yametokea ambayo hukuambiwa.

Wakati Mwalimu Perpetua alipoleta vishikwambi darasani kwenu, vichache, kimoja kwa watoto wawili, ulirudi nyumbani unakimbia. Ulisema, "Baba, mimi na Mwanaidi tumepewa chetu!" Kama vile mmepewa ng'ombe. Tangu siku hiyo nilianza kusikia mambo nyumba hii haijawahi kuyasikia. Ulimweleza mama yako jinsi moyo unavyosukuma damu. Ulinipeleka shambani ukanigawia heka yetu kwa sehemu, robo tatu mahindi, robo mihogo, halafu ukaniuliza kama tukipunguza mihogo kwa nusu itabaki sehemu gani ya shamba. Mimi niliyemaliza darasa la saba nikaambulia kushika jembe, nilisimama nikakuangalia nikajisemea moyoni, huyu atafika mbali. Sikukwambia. Nilikwambia tuendelee kulima.

Ndipo Mwalimu akaanzisha yale masomo ya Jumamosi barazani kwake, kwa sababu pale mtandao unashika, na akaomba wazazi wenye simu za kupangusa tuwape watoto kwa saa chache. Nilikuwa nakupa yangu kwa kununa. Simu ile niliinunua kwa ajili ya mpira na vichekesho vya kijiweni, na kila Jumamosi nilijiona kama mtu aliyekatwa mkono.

Kabla ya hapo alituita wazazi. Alisema anataka kutufundisha sisi kwanza, maana watoto watatushinda na sisi ndio tunaotakiwa kuwalinda huko mtandaoni. Nilikaa nyuma, karibu na pikipiki. Alikuwa ameanza tu kuuliza, "Nani anajua kitu kikishatoka kwenye simu yake kinaishia wapi?" abiria wangu wa Kang'ata akapiga simu. Nikaondoka. Mama Mwanaidi alibaki mpaka mwisho, yeye ambaye hana hata simu ya kitochi. Baadaye nilimkuta njiani nikamtania, "Mama Mwanaidi, umejifunza mtandao wa nini wewe?" Akanijibu, "Binti yangu anautumia." Nikacheka nikawasha pikipiki.

Siku yenyewe sikuwepo, lakini najua ilivyokuwa kwa sababu niliiona video nzima, ile ya kwanza, kabla watu hawajaikata. Mwalimu alikuwa amewaambia kila mtu amrekodi mwenzake akieleza somo. Wewe ulikuwa unamrekodi Mwanaidi. Alisimama vizuri, mtandio mweupe, akaanza kueleza mmea unavyotengeneza chakula chake. Akafika kwenye mwanga wa jua, akanyamaza. Macho yakaenda juu. Akaanguka. Watoto nyuma yako wakapiga kelele, wengine wakacheka vile watoto wanavyocheka wakiogopa. Na sauti iliyokuwa karibu kuliko zote ilikuwa yako. "Mwalimu! Mwalimu! Mwanaidi! Mwalimu njoo!" Mkono wako ulikuwa umeganda na simu, ukasahau kwamba unarekodi. Simu ilitikisika mpaka mwisho. Hukucheka hata mara moja, mwanangu. Mimi ndiye shahidi.

Ulikuja kijiweni ukihema. Nilikuwa nimekaa na wenzangu juu ya pikipiki zetu tukisubiri basi la Dar. Uliniambia, "Baba, Mwanaidi amefanyaje? Mwalimu kampeleka kwao. Angalia, baba, ana nini?"

Ulikuja kuniuliza. Hilo ndilo linalonifanya nisogeze sahani kila ninapotaka kula. Mtoto kaona jambo la kutisha kwenye simu, kakimbia moja kwa moja kwa baba yake kuuliza lina maana gani. Baba gani hataki hivyo? Nami nikaichukua simu nikatazama, na jambo la kwanza lililonitoka ni kicheko.

Nikasema, "Huyu kapandisha majini ya darasani." Wenzangu wakasogea. Nikabonyeza pale pa kurushia, nikachagua kundi letu la bodaboda.

Ukanishika kiwiko. "Baba, usitume. Mwalimu alisema mtu asitume picha ya mwenzake bila yeye kukubali."

"Mwalimu wako anaogopa kivuli chake," nikakujibu. "Hawa ni rafiki zangu tu."

Ikaondoka. Nilisikia simu za wenzangu zikilia hapo hapo, moja baada ya nyingine, mifukoni mwao. Wewe uligeuka ukaenda nyumbani kwa miguu, na mimi nikadhani umenuna.

Sikujua kitu, Rajabu. Siandiki hivyo kujitetea. Mtu mzima asiyejua na asiyetaka kuambiwa ni hatari kuliko mtoto asiyejua, kwa sababu mtoto huuliza. Nilidhani kundi ni kijiwe, kwamba tukishacheka tutanyanyuka kila mtu aende zake na maneno yabaki hapo. Kabla jua halijazama mmoja wetu alikuwa ameshaipeleka kwa shemeji yake Handeni mjini. Huko mtu akaikata pale mwanzoni Mwanaidi alipokuwa akieleza somo, akakata na sauti yako ukiita Mwalimu, akabakiza kuanguka na vicheko, akaweka muziki. Hiyo ndiyo iliyozunguka. Hiyo ndiyo iliyorudi hapa Mkata ikiwa imevaa nguo nyingine, na watu wakaipokea upya.

Mwanaidi alikuja shule Jumatatu. Hilo wewe uliliona, mimi niliambiwa na Mwalimu. Alipanga mstari asubuhi kama kawaida, na wavulana wa darasa la saba wakaanza kujiangusha vumbini mmoja mmoja mbele yake. Aliondoka kabla ya mapumziko. Dawati lenu likabaki na wewe peke yako na kile kishikwambi.

Halafu tukaitwa ofisini, mimi na wewe, mbele ya mwalimu mkuu na wazee wa kamati ya shule. Niliingia na kofia yangu ya pikipiki mkononi. Mwalimu mkuu akauliza simu ni ya nani. Nikasema yangu. Akauliza nani alirekodi. Ukasema, "Mimi." Akauliza nani aliyeisambaza.

Ulinitazama. Hukunitazama kwa hasira. Ulinitazama kama mtu anayempa mwenzake nafasi apite kwanza mlangoni. Mimi nikaitazama kofia. Nilikuwa nawaza vile wale wazee wanavyonijua, vile nitakavyopita barabarani. Ukasubiri. Mzee mmoja akakohoa. Ukasema, "Mimi."

Nami nikanyamaza.

Ukaondolewa kwenye masomo ya vishikwambi mpaka mwisho wa muhula. Wenzako wakiingia kusoma, wewe ukapewa ufagio. Jioni ile nilikununulia soda, na wewe ukaikubali, ukainywa yote, ukasema "Asante, baba." Ningeomba ungenimwagia usoni.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuhangaika, na kuhangaika kwangu kukaharibu zaidi. Kwanza niliifuta simuni kwangu. Nilidhani nikiifuta nitakuwa nimepunguza moja. Kumbe nilichokifuta ndicho pekee kilichokuwa na sauti yako nzima ukiita msaada. Hiyo nzima nimeitafuta kwa kila mtu niliyemtumia. Wote wameifuta na kubaki na ile yenye muziki, maana ndiyo inayochekesha. Simu yangu nimempelekea fundi pale stendi, akaichokonoa siku nzima, akanirudishia akisema haipo. 

Nilizunguka kuwaomba watu waifute. Mkata yote, halafu vijiwe vya njia ya Handeni, halafu Kang'ata. Wengine walifuta mbele yangu. Kijana mmoja aliniambia, "Baba Raju, hiyo ya zamani bwana, tumeshaicheka, sasa hivi kuna nyingine." Aliona ananifariji. Mwingine alinionyesha kwamba yeye ametumiwa na mtu wa Dar asiyemjua, na huyo wa Dar ameandika kwamba ni mtoto wa Singida aliyerogwa. Nikamwomba amwambie. Akaniangalia. "Nimwambie nani, Baba Raju? Yeye mwenyewe katumiwa."

Jioni moja nilimpakia abiria mgeni. Tuko njiani nikasikia ule muziki nyuma ya sikio langu, na yule mtu anacheka mpaka pikipiki inayumba. Nilisimama katikati ya barabara nikamwambia ashuke. Akaniuliza kosa lake nini.  Alichokuwa anafanya ni kilekile nilichokifanya mimi, tena yeye hamjui Mwanaidi, hajawahi kumwona akipita na ndoo yake ya maji akisema shikamoo. Nilimwacha hapo nikageuza, kisha nikarudi kumchukua, maana giza lilikuwa linaingia na mimi sikuwa na haki ya kumwacha mtu njiani.

Sasa nakwambia usilolijua.

Uliambiwa Mwanaidi amepelekwa Korogwe kwa ndugu zao. Yuko Korogwe kweli, ila hayuko kwa ndugu. Yuko hospitali.

Baba yake alishatangulia mbele ya haki, unajua, na mama yake ndiye anayelima. Mwanaidi alipogoma kwenda shule, mama yake alimwacha nyumbani, kwa sababu shambani kuna jua kali na palizi haingoji. Zamani akiwa shule alikuwa na watu kumzunguka siku nzima. Nyumbani akawa peke yake. Siku moja alikuwa amebandika makande kwenye mafiga. Ugonjwa ukamjia hapo. Aliangukia motoni, mkono wa kulia ukiwa chini. Jirani alinusa kitambaa kinaungua ndipo akaingia.

Mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Daktari hajasema kama vidole vitafunguka tena.

Rajabu, simama hapo kidogo kabla hujasoma mbele. Hukumsukuma wewe. Najua akili yako itakimbilia huko kwa sababu mtoto aliyekubali kosa lisilo lake ofisini anaweza kujibebesha na hili. Usilibebe. Aliyeituma ni mimi, na ile video ndiyo iliyomtoa shuleni, na kutoka shuleni ndiko kulikomwacha peke yake na moto. Mimi ninaona njia hiyo yote kama ninavyoiona barabara ya kwenda Segera, na wewe hukusimama popote kwenye njia hiyo isipokuwa pale mwanzo, umenishika kiwiko.

Nilikwenda hospitali. Sikumwambia mtu, nilisema napeleka abiria mbali. Mama Mwanaidi alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, kanga mabegani, anamlisha uji. Aliponiona alisema, "Karibu, Baba Rajabu," kwa sababu ndivyo alivyolelewa, kisha akaendelea kumlisha.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yakapotea. Nikasema, "Mama Mwanaidi, aliyeituma ile video ni mimi. Mwanangu alinikataza."

Kijiko kikasimama. Akasema, "Siku ya ofisini ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukamwacha mtoto aseme ni yeye."

"Ndiyo."

Hakunitukana. Niliombea anitukane. Alimfuta Mwanaidi mdomo, akasema taratibu, "Mimi nilikaa kikao kizima cha Mwalimu. Nilifundishwa jinsi ya kumlinda mwanangu na watu nisiowajua. Hawakutufundisha habari ya jirani."

Mwanaidi alikuwa ananisikiliza. Amekonda, lakini macho ni yaleyale. Akaniuliza, "Baba Rajabu, ile ndefu uliiona?" Nikamwambia niliiona. "Rajabu alikuwa anacheka?"

Yeye hakumbuki, unaelewa? Ikimjia huwa hayupo. Alichokijua ni kile alichokiona kwenye simu za watu, kuanguka na vicheko, na kwamba simu ilikuwa mkononi mwako. Miezi yote hii alidhani rafiki yake wa dawati moja alikuwa nyuma ya ile simu anamcheka.

Nikamwambia, "Alikuwa anamwita Mwalimu. Alikuwa anaita jina lako." Nikataka kumwambia ningemwonyesha, nikakumbuka sina cha kumwonyesha. Neno langu tu, neno la mtu aliyenyamaza ofisini. Nilimwapia. Alinitazama vile mtu anavyotazama mvua ya mbali, hajui kama itafika. Kisha akauliza darasa limefikia wapi kwenye sayansi, na kama vishikwambi bado vinachajiwa kwa zamu. Sikujua. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi.

Nesi alinikuta pale akadhani nimefiwa. Nikamuuliza kuhusu yale majini, nikatumia neno hilohilo. Akaniambia, "Mzee, ni kifafa. Kina dawa. Akimeza kila siku, anaweza kukaa muda mrefu bila kuanguka, akasoma kama mwenzake yeyote." Kila siku, vidonge tu. Na sisi hapa tulikuwa tunamtafutia muziki.

Nikarudi nikamwambia mama yako. Tangu hapo hasemi nami isipokuwa mbele yako. Nikaenda kwa mwalimu mkuu nikasema mbele ya wazee walewale. Mmoja aliuliza kwa nini nimechelewa kusema. Nikajibu kwa sababu nilikuwa nawaogopa nyinyi. Wakakufutia adhabu, lakini Mwalimu Perpetua alipokuja kukwambia urudi kwenye kishikwambi ulikataa, ukasema hutaki kugusa kitu chenye kioo maisha yako yote. Kijiweni niliwaambia wenzangu nao. Wawili waliinamisha vichwa. Mmoja akasema, "Umezidisha sasa, ilikuwa utani." Mimi na yeye hatuegeshi tena pamoja.

Na hapa Mkata bado unaitwa Kameramani. Maneno yangu hayafiki mbali kama ile video. Nimesema ukweli ofisini, kijiweni, msikitini baada ya swala, na ukweli unatembea kwa miguu. Kuna waliokutupia mawe. Kuna na wale wengine, vijana wakubwa, wanaokupigia makofi wakisema utengeneze nyingine. Hao ndio ninaowaogopa zaidi. Mama yako alisema, "Huyu mtoto akikaa hapa ataoza," na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe sikuwa na la kumbishia. Ndiyo maana unakwenda kwa mama yako mdogo Mkumbara. Kwa dada yake yeye, hakutaka kwa dada yangu. Nimeelewa.

Shule ya kule nayo ina vishikwambi. Mama yako mdogo amesema wanavitumia hasa darasa la saba. Nimelala nikiwaza utakataa, utakaa nyuma umekunja mikono, na ile akili iliyoligawa shamba letu itaota ukungu kwa sababu yangu. Nakuomba, Rajabu. Sina haki ya kukuamuru, nakuomba. Kishika. Soma. Kile kioo kilikufundisha moyo na damu kabla hakijaingia mikononi mwangu. Ukikutana na kitu cha kukutisha humo, mtu usiyemjua anakuita pembeni, picha ya mwenzako inazunguka, usidhani ni wewe wa kunyamaza nacho. Nenda kwa mtu mzima. Najua ninachokiomba. Ulikwenda kwa mtu mzima, naye alikuwa mimi. Basi akicheka, mwache, nenda kwa mwingine. Mwalimu, mama yako mdogo, mwenye duka, nenda mpaka umpate asiyecheka. Yupo. Ulikosea mlango tu, na mlango ulikuwa wa nyumbani kwenu.

Mimi nimekwenda kwa Mwalimu Perpetua kumwomba anifundishe kile kikao nilichokikimbia. Alinikazia macho, halafu akavuta kiti. Ninakwenda Jumapili. Ni mzito wa kuelewa. Haitamrudishia Mwanaidi kidole hata kimoja, hilo najua. Sijui kwa nini nakwenda. 

Limebaki la kesho.

Siku ile hospitali, kabla sijaondoka, nilimuuliza Mama Mwanaidi kama wewe unaweza kuja kumwona.  Akasema, "Wewe usirudi. Nikikuona sipati usingizi. Mtoto aje. Lakini asije na simu, wala anayekuja naye asiwe nayo mkononi. Aje amwangalie binti yangu kwa macho."

Basi la kesho linapita Korogwe kabla ya kufika Mkumbara. Mama yako ndiye atakayekusindikiza, mimi nitaishia stendi. Akifika Korogwe atakuuliza kama mnashuka. Ukisema hapana, atabaki kwenye siti yake na hatakulaumu, wala mimi. Unaweza kwenda siku nyingine, unaweza usiende kabisa. Una miaka kumi na miwili, na umeshabeba ya mtu wa arobaini.

Ukishuka, hutapata shida ya maneno. Yeye atakuuliza kuhusu sayansi.

Ila huenda ikamjia mbele yako. Dawa ndiyo kwanza ameanza, nesi alisema bado inaweza kutokea, na najua hicho ndicho unachokiogopa kuliko mkono. Nilimuuliza nesi mtu afanye nini, akanionyesha pale pale kwenye benchi, na nimejifunza kwa kurudia mpaka nimeshika. Usimkamate kwa nguvu. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Ondoa kilicho kigumu karibu yake, angalia ule mkono usigonge kitanda. Mlegezee mtandio shingoni, mwekee nguo laini chini ya kichwa. Ikianza kutulia mlaze kwa ubavu. Ikikawia kutulia, piga kelele, mwite nesi kama ulivyomwita Mwalimu, kwa sauti ileile. Wengine chumbani wakikodoa macho, wape mgongo wako wasimwone. Halafu kaa. Atafumbua macho akiwa hajui yuko wapi wala nini kimempata, na atatafuta uso wa mtu. Usiwe umeondoka.

Baba yako,
Athumani